Kabla ya kumkosoa, sema alichosema

Kazi yangu ni kuhariri mapitio ya vitabu katika jarida la kitaaluma. Kila rasimu inayonifikia naisoma nikitafuta sentensi moja tu: ile inayosema mwandishi wa kitabu anadai nini. Nisipoikuta ndani ya aya mbili za mwanzo, yaliyobaki nayajua hata kabla sijayasoma. Sura zitasimuliwa moja baada ya nyingine, zitafuata sifa mbili tatu za jumla, kisha malalamiko ya makosa ya chapa, na mwisho kabisa tutaambiwa kwamba kitabu kinawafaa wanafunzi, walimu na wasomaji wote kwa jumla. Hayo ni yaliyomo ya kitabu yaliyopangwa upya kwa aya. Uhakiki haujaanza.

Wengi huchanganya mada na dai. Tuseme kuna kitabu kuhusu vijana wanaohamia mijini. "Kitabu hiki kinazungumzia uhamaji wa vijana" ni mada, nayo haimpeleki mtu popote. Sasa andika hivi: "Mwandishi anadai kuwa vijana hawafuati ajira mjini, bali wanakimbia mashamba ambayo hawatayamiliki maadamu wazazi wao wangali hai." Hapo una kitu cha kupima. Mara moja maswali yanajitokeza yenyewe. Aliwahoji akina nani? Walioondoka peke yao, au na waliobaki? Kama ni walioondoka tu, hoja ina ufa mkubwa, kwa sababu huenda waliobaki nao hawana shamba, na bado hawakuondoka. Basi ukosefu wa urithi pekee hautoshi kueleza nani anaondoka na nani anabaki. Tazama uhakiki ulivyoanza kujiandika, na hatujasema bado kama kitabu ni kizuri au kibaya.

Kipimo changu cha sentensi hiyo ya dai ni hiki: mwandishi mwenyewe akiisoma, atasema "naam, ndicho nilichosema"? Kama atakana, basi umejitengenezea adui wa karatasi na unampiga ngumi yeye.

Nimejifunza hilo kwa aibu. Miaka mingi iliyopita niliandika kwa kujiamini kabisa kwamba mtafiti fulani ameandika historia nzima kwa nyaraka za serikali bila kusikiliza watu. Nilikuwa nimesoma utangulizi, sura zote na hitimisho. Kiambatisho sikukifungua. Mle ndani mlikuwa na orodha ya mahojiano aliyofanya, na tanbihi za sura mbili zilikuwa zikirejelea orodha hiyo, nami nilizipita kama mtu anayepita kibao cha njia aliyoizoea. Barua yake kwa mhariri haikuwa na tusi hata moja. Ilikuwa na namba za kurasa tu. Tangu siku hiyo huanza kusoma kitabu cha utafiti kwa nyuma: kiambatisho, marejeleo, faharasa, ndipo dibaji.

Mwandishi wa Marekani John Updike alichapisha mwaka 1975 kanuni zake za kuhakiki, na ya kwanza inamtaka mhakiki aelewe mwandishi alikusudia kufanya nini, asimlaumu kwa kutofikia lengo ambalo hakujiwekea. Kanuni nzuri, na ingetuepusha na zile hakiki zinazolalamika kwamba mwandishi hakuandika kitabu ambacho mhakiki angependa kukiandika mwenyewe. Lakini mimi siimezi nzima. Kuna wakati kilichoachwa nje ndicho kinachoibeba hoja. Mtu akiandika kuhusu anguko la kiwanda bila kugusa madeni yake, haitoshi kujitetea kwamba madeni hayakuwa lengo lake. Ninachomdai mhakiki ni athibitishe kwamba pengo hilo linaiyumbisha hoja. "Hajagusia" peke yake haina uzito.

Makala ya utafiti huhitaji jicho kali zaidi, maana dai hujificha. Husoma ikisiri, yaani muhtasari wa mwanzo, kisha naruka moja kwa moja hadi kwenye mbinu, nikiuliza kama kilichofanyika kinaweza kubeba kilichosemwa. Mfano ninaoutumia sana ni makala iliyochapwa na jarida la The Lancet mwaka 1998, ya Andrew Wakefield na wenzake, iliyozua hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Watoto waliochunguzwa walikuwa 12. Hakukuwa na kundi la kulinganisha. Uhusiano na chanjo ulitegemea sana kumbukumbu za wazazi. Na makala yenyewe ilikiri kwamba haijathibitisha uhusiano wowote! Msomaji makini angeyaona hayo siku ya kwanza, kwenye kurasa zilezile, bila kusubiri jarida liifute makala hiyo mwaka 2010. Yaliyofichuka baadaye kuhusu namna taarifa za watoto zilivyochezewa ni jambo jingine. Hilo mhakiki hawezi kuliona mezani kwake. Anachoweza kuona ni umbali kati ya ushahidi na dai, na pia kati ya dai na kelele za nje.

Kuhusu sifa. Sentensi ninayoifuta kuliko zote ni "mwandishi ametumia lugha nyepesi yenye mtiririko mzuri". Unaweza kuibandika kwenye kitabu chochote duniani na isidondoke. Mhakiki mmoja aliniletea, nikamwandikia pembeni: "Wapi?" Alirudi na hii: "Katika sura ya tatu mfumuko wa bei unaelezwa kwa kufuatilia daftari la matumizi la familia moja kwa miezi sita, na kurasa mbili hizo zinafanya kazi iliyoishinda sura nzima ya pili." Angalia kilichotokea. Alipolazimika kuonyesha uzuri ulipo, akagundua na udhaifu ulipo. Kabla ya hapo alikuwa anamvika mwandishi kilemba cha ukoka.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaouma na kupuliza kama panya: "kitabu kina mapungufu mengi, hata hivyo ni mchango mkubwa." Mapungufu gani? Mchango upi? Jarida la Uingereza Times Literary Supplement, lililoanza 1902, lilichapa hakiki bila majina ya wahakiki hadi 1974. Waliotetea utaratibu huo waliona unampa mhakiki uhuru. Mimi nashukuru tunatia saini. Jina lako likiwa chini ya ukurasa, neno "mvivu" unalifikiria mara mbili, na mara nyingi unagundua ulichotaka kusema ni kwamba sura ya tano inarudia ya nne.

Makosa ya chapa mpelekee mchapishaji kwa barua. Yaandike kwenye uhakiki pale tu yanapopotosha maana, kwa mfano tarakimu za jedwali zisipolingana na maelezo yake.

Rasimu ikikamilika, nakichukua tena kitabu na kukagua kila nukuu na kila namba ya ukurasa. Ni kazi ya kuchosha, nami huifanya asubuhi kabla kichwa hakijajaa. Majuzi nilikuta nimenukuu maneno makali kutoka ukurasa wa 214 na kumshambulia nayo mwandishi kwa aya nzima. Niliporudi kwenye ukurasa huo nikaanza kusoma aya mbili juu zaidi. Maneno hayakuwa yake. Alikuwa akieleza msimamo wa wapinzani wake, na majibu yake yalianza ukurasa wa 215.