Engaruka: tunachochimba si mali za Mjerumani

Tukipiga kambi kijijini, kabla hata hatujamaliza kufunga kamba za kupimia, swali huwa ni lile lile: "Mnatafuta mali za Mjerumani?" Wengi wanaamini Wajerumani walifukia dhahabu walipokimbia vita, na mtu anayechimba shimo la mraba huku akiandika kila kitu daftarini lazima ana ramani. Huwa najibu pale pale. Leo najibu kwa kirefu.

Mimi ni mwanaakiolojia, naishi Arusha, na eneo linaloninyima usingizi ni Engaruka, wilayani Monduli, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Kuanzia karne ya 15 hadi ya 18 waliishi hapo wakulima waliojenga vijiji saba kwa mawe mteremkoni na, tambarare chini yake, mashamba ya umwagiliaji ya takriban hekta 2,000. Hawakuacha maandishi. Mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer aliyaona magofu mwaka 1883. Mwanaakiolojia Louis Leakey akaja 1935 na kukadiria wakazi zaidi ya 30,000. Hesabu hiyo imeshushwa sana tangu hapo, na nadhani ni haki, kwani mashamba yote hayakulimwa kwa wakati mmoja.

Sasa, tunachimba nini? Chukua ukuta mmoja wa shamba. Kwa juu ni mawe yaliyopangwa, hayafiki hata gotini. Ukikata mtaro unaoupita, kisha ukausawazisha ubavu wake kwa mwiko, yanajitokeza matabaka membamba: mchanga, tope laini, mchanga tena. Hayo yaliletwa na maji. Sehemu nyingine wakulima wale waliyaelekeza maji ya mto nyuma ya ukuta, yakapungua kasi, yakatua udongo. Ukuta ukainuliwa, maji yakaletwa tena. Shamba lenyewe walilitengeneza kwa maji. Kwangu hilo lina thamani kuliko sanduku lolote la dhahabu.

Ndani ya matabaka hayo tunatafuta vipande vya mkaa na mbegu za mtama zilizoungua. Hatuvigusi kwa mkono. Vinafungwa kwenye karatasi ya alumini na kupelekwa maabara, wapime umri wake kwa kaboni 14, aina ya kaboni ambayo hupungua nusu kila miaka 5,730 baada ya mmea kufa. Vigae vya vyungu navyo tunavichekecha, tunaviosha na kuvipa namba.

Wanafunzi wanaotaka kazi hii wajue kwamba kuchimba ni sehemu ndogo. Shimo likishachimbwa haliwezi kuchimbwa tena, kwa hiyo michoro, picha na maelezo ndiyo yanayobaki. Kibali ni lazima. Mambo ya kale yanalindwa na sheria ya mwaka 1964. Wengi wetu kipato kinatoka kwenye tathmini ya mambo ya kale kabla ya barabara au bomba kupita.

Swali linalotugawa bado ni kwa nini watu wale waliondoka. Wapo wanaotaja vita na wafugaji. Mimi naegemea maji. Mto Engaruka unatiririka mwaka mzima mpaka leo, na wakulima wa sasa wanautegemea. Lakini mifereji mingine ya kale inaanzia kwenye makorongo ambayo siku hizi hupata maji mvua ikinyesha tu. Hakuna mkulima anayejenga mfereji wa mawe kwa ajili ya mto mkavu.