Kabla ya kuongeza ghorofa kwenye maegesho ya zamani

Mteja anayenipigia simu kuhusu maegesho ya ghorofa ya katikati ya jiji huwa ameshaamua anachotaka: ghorofa mbili zaidi, paneli za sola, chaja za magari ya umeme, na siku hizi bustani juu ya yote. Mchoro umeshapakwa rangi. Mimi humwomba vitu viwili visivyopendeza machoni: hesabu ya magari saa kwa saa kwa wiki nzima, na ruhusa ya kutoboa zege lake.

Hesabu inakuja kwanza kwa sababu ni rahisi, na mara nyingine huimaliza kazi yenyewe. Maegesho yanayosemwa "yamejaa" mara nyingi yamejaa ghorofa za chini tu. Magari yanazungukazunguka huko, ilhali juu kuna nafasi ambazo hakuna dereva anayejua kuwa zipo. Vitambuzi juu ya kila nafasi na kibao cha namba kwenye kila mteremko hugharimu sehemu ndogo sana ya gharama ya ghorofa mpya. Bei nayo ina nguvu. San Francisco, kupitia mradi wa SFpark ulioanza 2011, ilipandisha na kushusha ada kulingana na mahitaji, mitaani na kwenye majengo ya maegesho pia, ili nafasi chache zibaki wazi kila wakati.

Hesabu ikithibitisha kwamba nafasi hazitoshi kweli, ndipo tunaingia kwenye zege, na hapo ndipo ninapotumia muda wangu mwingi.

Zege lenye afya lina alkali kali, pH yake (kipimo cha asidi na alkali) inapita 12, na hali hiyo huikinga nondo isipate kutu. Kaboni dioksidi ya hewani hupenya polepole na kuipunguza alkali hiyo. Chumvi, iwe ya upepo wa bahari au ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu, huingia na maji yanayodondoka kutoka kwenye magari. Kutu ikianza, inachukua nafasi mara mbili au zaidi ya chuma kilicholiwa, hivyo zege linapasuka kutoka ndani. Kipimo chetu cha awali ni chepesi: tunavunja kipande kidogo, tunanyunyizia fenolfthaleini, kimiminika cha kupimia alkali, sehemu yenye alkali inageuka waridi na iliyoishiwa inabaki bila rangi. Nikiona eneo lisilo na rangi limefika kwenye nondo, habari za ghorofa mpya tunaziweka kando kwanza.

Na zisiwe haraka za kuziba nyufa kwa saruji mpya na kupaka rangi. Mwaka 1997, huko Wolverhampton, Uingereza, sehemu ya sakafu ya juu ya maegesho ya Pipers Row ilianguka usiku. Zege lililochakaa kuzunguka nguzo lilishindwa kubeba, nguzo zikaitoboa sakafu, ingawa pale pale palikuwa pameshafanyiwa ukarabati wa viraka. Bahati nzuri hakuna aliyeumia. Tangu hapo mtu yeyote wa fani hii akiingia kwenye jengo la sakafu bapa zisizo na mihimili, macho yake huenda kwanza pale nguzo inapokutana na sakafu.

Jengo likionekana bado lina afya, mimi ni mtetezi wake mkubwa. Saruji inachangia kati ya asilimia 7 na 8 ya kaboni dioksidi inayotolewa na binadamu duniani, na kaboni ya kulijenga jengo lile imeshatolewa zamani. Kulibomoa ili kujenga lingine na kuliita la kijani ni hesabu nisiyoielewa.

Sasa uzito. Kiwango cha Ulaya kinataka sakafu ya magari madogo ibebe kati ya kilonewtoni 1.5 na 2.5 kwa mita ya mraba, yaani takriban kilo 150 hadi 250. Udongo uliolowa wa kina cha sentimita 30 unapita kilo 500. Kwa hiyo ile bustani ya kwenye mchoro ni nzito kuliko magari yote iliyochukua nafasi yake! Sina ugomvi na majani. Yapande ukutani, au yawekwe kwenye tabaka jembamba. Paneli za sola ni nyepesi, tatizo lake ni upepo unaotaka kuzing'oa, kwa hiyo nanga zake ndizo za kukaguliwa. Ghorofa mpya huwa naitaka ya chuma, na msingi upimwe upya, kwani nguzo za chini kabisa ndizo zinazoubeba mzigo wote ulioongezwa.

Umeme huwatisha watu bure. Chaja 100 za kilowati 7 zikifanya kazi kwa pamoja zinataka kilowati 700, na mara moja mtu anaanza kuulizia transfoma mpya. Lakini gari linalotembea kilomita 40 kwa siku linahitaji kama kilowati-saa 8, na limeegeshwa saa nane. Mfumo unaogawa umeme kwa zamu huwatosheleza wote kwa kilowati 100 na kidogo.

Moto ndio ninaouogopa zaidi. Oktoba 2023 moto ulioanzia kwenye gari moja la dizeli katika maegesho ya uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, uliteketeza magari zaidi ya 1,400, na jengo lote likabomolewa. Halikuwa na vinyunyizio vya maji. Magari ya leo, ya mafuta au ya umeme, yana plastiki nyingi na yameegeshwa karibukaribu, hivyo nikiongeza ghorofa naongeza vinyunyizio jengo zima, na tangi lake naliweka ardhini.

Mwisho kabisa, geti. Nafasi 200 mpya zikitegemea mlango ule ule wa tiketi, foleni itahamia barabarani. Kamera za kusoma namba za magari huondoa kusimama, na njia ya pili ya kutokea ichorwe mapema, kabla nguzo mpya haijakaa pale ilipopaswa kupita.