Mbung'o waliisha Unguja. Je, mradi ulifanikiwa?

Nikikabidhiwa hadidu za rejea za kutathmini mradi wa utafiti uliokwisha fungwa, naruka kurasa za mwanzo na kutafuta jambo moja: naulizwa kama mradi ulitimiza ulichoahidi, au naulizwa kama maisha ya watu yalibadilika kwa sababu yake? Mara nyingi maswali yote mawili yamebanwa katika sentensi moja ndefu, na mtathmini amepewa wiki chache na gari la kuazima.

Vijana wanaoingia katika kazi hii huwa nawapa mfano wa mbung'o wa Unguja. Ni mradi wa sayansi uliofanikiwa kwelikweli, na mradi wa namna hiyo ndio unaosumbua kuutathmini, maana kila mtu ana jibu lake hata kabla hujauliza.

Kisa chenyewe ni hiki. Ng'ombe wa Unguja walikuwa wakiugua nagana, inayoenezwa na mbung'o. Kisiwani kulikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, anayependa vichaka na misitu. Mwanzoni zilitumika dawa: ng'ombe walimwagiwa kiuatilifu mgongoni, na vitambaa vyenye dawa vikatundikwa maporini. Mbung'o wakapungua sana, lakini hawakwisha. Kuanzia 1994, kwa msaada wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, ikaingia njia ya madume tasa. Mbung'o walizalishwa Tanga, wakilishwa damu kupitia utando mwembamba wa silikoni. Madume wakapigwa mionzi ya gama mpaka wakawa tasa, kisha wakadondoshwa kisiwani kwa ndege ndogo, zaidi ya milioni 8 kwa jumla. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kwa hiyo akikutana na dume tasa ndio basi, hazai tena. Mbung'o pori wa mwisho alinaswa Septemba 1996, na mwaka uliofuata ikatangazwa kwamba kisiwa hakina tena mbung'o.

Hilo ndilo swali la kwanza, kama mradi ulitimiza ulichoahidi, na hata hilo si jepesi kama linavyoonekana. Mtego mtupu unaweza kumaanisha kwamba mbung'o hayupo, au kwamba yupo na mtego haukumpata. G. austeni hanasi kirahisi. Mtathmini makini atauliza: kama angekuwepo, mitego hii ingemwona? Unguja walikuwa na jibu zuri. Madume tasa waliorushwa walikuwa wakinaswa kwenye mitego ileile, kwa hiyo ilijulikana kwamba mitego inafanya kazi. Majike walionaswa walipasuliwa ili kuangalia mfuko wa uzazi, na damu ya ng'ombe ikapimwa kutafuta vimelea. Vithibitisho vya aina tatu, na vyote vilielekea upande mmoja. Ningekuta ushahidi wa namna hiyo kwenye kila mradi, ningelala mapema.

Swali la pili ndilo linalonikosesha usingizi. Baada ya mbung'o kuisha, ripoti zilionyesha maziwa yameongezeka, wafugaji wadogo wengi zaidi wanafuga ng'ombe chotara, na maksai wanalima na kuvuta magari. Siyatilii shaka hayo. Ninachouliza ni: kati ya ongezeko hilo, kiasi gani kingetokea hata kama mbung'o wangebaki?

Miaka ya tisini Unguja ilikuwa inabadilika kwa kasi. Hoteli za watalii zilikuwa zikiota pwani nzima, na hoteli inataka maziwa na nyama. Biashara ilikuwa imefunguliwa, na bei ya karafuu haikuwa ile ya zamani. Mtu aliyenunua ng'ombe wa maziwa mwaka 1998 huenda alimnunua kwa sababu nagana imekwisha, au kwa sababu amepata mteja. Yawezekana ni yote mawili, na hapo hesabu ndipo inapokuwa ngumu: nagana ingekuwepo, mteja asingemsaidia.

Pemba inavutia kama kisiwa cha kulinganisha, kwa kuwa haikuwa na mbung'o tangu zamani. Ng'ombe wa maziwa wakiongezeka Pemba katika miaka hiyohiyo, sehemu ya ongezeko la Unguja haina uhusiano na mbung'o. Lakini watalii hawakwenda Pemba kwa wingi kama Unguja. Ukilinganisha visiwa hivyo bila kulitaja hilo, unaweza kuupa mradi sifa zinazostahili kwenda kwa hoteli.

Tatizo jingine ni takwimu za awali. Bangokitita, yaani jedwali la malengo ya mradi na vipimo vyake, huwa limejaa viashiria vya inzi na mitego, na maziwa ya kaya yanakumbukwa mwishoni. Hapo inabidi kumuuliza mfugaji mambo ya miaka kumi nyuma. Ukimuuliza, “Mwaka 1993 ulikuwa unakamua lita ngapi?” atakupa namba ili asikukatishe tamaa. Mimi huuliza hivi: “Kabla ya ule uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mzee, ulikuwa na ng'ombe wangapi? Yupi alikufa? Maziwa mlikuwa mnauza au mnakunywa nyumbani?” Atamtaja ng'ombe kwa rangi yake, na mkewe atamsahihisha kutoka jikoni. Lita bado hutazipata, ila utajua nani alianza kuuza maziwa na lini, na hilo linatosha kujenga hoja.

Kuhusu gharama nitasema kidogo tu. Dawa peke yake ilikwisha kuipunguza nagana kabla ya madume tasa kuanza kurushwa. Kwa hiyo faida ya kuwarusha haipimwi kuanzia siku za ugonjwa uliokithiri, bali kuanzia kiwango kile cha chini kilichokwisha kufikiwa. Walichonunua hasa ni kuacha kununua dawa milele, na hesabu hiyo inategemea unatazama miaka mitano au thelathini. Ripoti nyingi hazisemi zimetazama mingapi.

Mwaka 2000 viongozi wa Afrika waliokutana Lomé waliazimia kuwatokomeza mbung'o barani kote, na Unguja ilikuwa mfano mdomoni mwa wengi. Lakini Unguja imezungukwa na bahari. Bara, ukisafisha eneo moja, mbung'o wa jirani wanarudi. Ethiopia ilijaribu njia hiyohiyo kusini mwa Bonde la Ufa, na kazi ikawa ndefu mno. Senegal walianza kwa kupima vinasaba vya mbung'o wa eneo la Niayes, wakaona hawachangamani na wenzao wa maeneo mengine, ndipo wakaamua kuwamaliza. Kwa hiyo kwenye ripoti zangu, sehemu ya mafunzo kwa miradi mingine naianza na mahali penyewe: mipaka yake, aina ya mdudu, nani jirani. Wafadhili huniomba niihamishie kwenye viambatisho.