Vitanda viwili si ushahidi wa adabu

Kila nikionyesha komedi ya ndoa ya Hollywood ya miaka ya 1930, hakosi mtu wa kusema: “Zamani filamu zilikuwa na adabu, hata mke na mume walilala vitanda viwili.” Jamani, basi!

Vile vitanda ni kazi ya mdhibiti. Kanuni za Hays, yaani masharti ya maadili ambayo studio za Hollywood zilijiwekea, zilipitishwa 1930, zikaanza kubana kweli 1934 chini ya Joseph Breen, mkuu wa ofisi iliyozisimamia. Uzinzi ulikatazwa kuonyeshwa kama jambo la kuvutia. Waandishi wakapenya palepale: kama tamaa ni halali kwa wanandoa tu, basi tuwape wanandoa waliotengana, talaka bado haijakamilika.

Tazameni mwisho wa “The Awful Truth” (1937). Saa sita ya usiku ikigonga talaka itakamilika, na wanandoa wanaoigizwa na Cary Grant na Irene Dunne si mume na mke tena. Wamelala vyumba vinavyopakana, na mlango wa katikati haushiki. Upepo unausukuma, unafunguka, wanatazamana, wanaongea mawili matatu, unafungwa. Baadaye Grant anausubiri ufunguke tena, wapi! Kumbe upande wa pili paka kauegemea. Hapo hakuna tusi wala nguo iliyovuliwa, na kila mtu mzima ukumbini anajua kinachongojewa. Adabu gani hiyo?

Ile inajulikana. Ninayoipenda zaidi ni “Too Many Husbands” (1940), ambayo wengi hawajaisikia. Mume aliyedhaniwa amekufa baharini anarudi, anamkuta mkewe ameolewa na mshirika wake wa biashara. Mtazameni Jean Arthur, anayeigiza mke huyo, wanaume wawili wakimgombania: badala ya kuzimia kwa aibu, anaona raha, wala hana haraka ya kuchagua. Mwaka huohuo “My Favorite Wife” iliugeuza mkasa huo, mke ndiye aliyerudi, na hiyo ndiyo iliyopata jina. Kwangu, ile iliyosahauliwa ina ujasiri zaidi.

Wapo wanaosema udhibiti ndio uliozaa ustadi huu. Mimi sishawishiki. Mwongozaji Ernst Lubitsch alikuwa akichezea ndoa na wivu kwa werevu uleule katika “The Marriage Circle” ya 1924, filamu bubu, Breen hajashika kiti. Na zipo nyingi za baada ya 1934 ambazo dakika zake za mwisho zimegundishwa tu ili muhuri wa idhini wa ofisi ya Breen upatikane: wanandoa waliotukanana saa nzima wanapatana kwa sentensi mbili. Hizo sizitetei.