Kwa Nini Fito ya Mbao Mbele ya Spika ya Zamani Hubadilisha Sauti?

Mtu akipata spika za miaka ya 1970, kinachomkera kwanza ni sura yake. Vinia, lile tabaka jembamba la mbao juu ya boksi, imebanduka kwenye kona, kitambaa cha mbele kimetoboka, na kama mbele palikuwa na sponji, imeshakuwa unga kwa sababu unyevu huila taratibu. Anamwita seremala, zinabandikwa fito za mninga kuzunguka uso wa boksi, kinavutwa kitambaa kipya, spika zinang'aa. Akiwasha muziki anaona sauti si ile. Hakuna waya ulioguswa. Imekuwaje?

Jibu liko kwenye urefu wa mawimbi. Sauti husafiri hewani kwa mita 343 hivi kwa sekunde. Besi ya hezi 100, yaani mitetemo 100 kwa sekunde, ina wimbi la mita 3.4, na kwa wimbi refu kiasi hicho fito ya sentimita 2 ni kama haipo. Lakini sauti ya hezi 10,000 inayotoka kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba ndani ya boksi, ina wimbi la sentimita 3.4 tu. Kwake fito ileile ni ukuta.

Sauti ya twita haiendi mbele peke yake. Nyingine hutambaa juu ya uso wa boksi kuelekea pembeni. Ikigonga fito, sehemu yake hugeuka na kumfuata msikilizaji ikiwa imechelewa kidogo. Tuseme fito iko sentimita 5 kutoka katikati ya twita. Aliyekaa mbele kabisa ataipata sauti ya pili ikiwa nyuma kwa sentimita hizo 5, ambazo ni nusu ya wimbi la hezi 3,400 hivi. Hapo sauti mbili zinapunguzana. Karibu na hezi 6,900 zinaongezana. Bahati mbaya ni kwamba masafa ya hezi 2,000 hadi 5,000 ndiyo sikio la binadamu huyasikia kwa wepesi zaidi.

Ukingo mtupu wa boksi nao una lawama yake, hata bila fito. Mwaka 1951 Harry Olson wa kampuni ya RCA, Marekani, alichapisha vipimo vya spika moja iliyofungwa kwenye maboksi ya maumbo mbalimbali. Tufe lilitoa sauti iliyotulia kuliko yote. Mchemraba ulikuwa kati ya maumbo yaliyoivuruga zaidi. Ndiyo maana twita nyingi hufungwa zikiwa zimesogezwa upande mmoja. Ikiwa katikati kabisa, kingo za kushoto na kulia zinakuwa umbali sawa, na kasoro zote zinaangukia masafa yaleyale.

Je, wa zamani hawakulijua hili? Walilijua. Chukua LS3/5A, spika ndogo iliyobuniwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya vyumba vidogo na magari ya matangazo ya nje. Boksi lake lina kingo zinazochomoza mbele kidogo, ndani yake ndimo fremu ya kitambaa inamokaa. Wahandisi waliizungushia twita vipande vya felti nene (kitambaa cha nyuzi zilizoshindiliwa) vinyonye sauti kabla haijafika ukingoni. Mtu anaweza kuvibandua akidhani ni takataka za kiwandani. Ukikutana navyo, viache.

Kwa hiyo fito si haramu, ila mahali pake ndipo penye kesi. Ukizibandika ubavuni mwa boksi, au ukazichonga zilingane sawasawa na uso wa mbele, hazina madhara ya kutisha. Ikibidi zichomoze, upande wa ndani upigwe randa uwe mteremko, usiwe kona ya nyuzi 90. Fremu ya kitambaa nayo ni vivyo hivyo. Watu hulaumu kitambaa, kumbe mkosaji ni fremu ya plaiwudi nene yenye tundu lililokatwa wima pembeni mwa twita.

Kitambaa chenyewe kipime kwa mdomo: kiweke mbele ya midomo upulize. Pumzi ipite bila kusukumwa. Kitenge kinapendeza, nakubali, lakini kimefumwa kwa kubanana na twita itasikika kama imefunikwa. Na kitambaa cha asili kilichofifia usikipake rangi ya mafuta, maana rangi huziba vitundu.

Kazi yenyewe ianze kwa kuzitoa spika zenyewe, twita na ile ya besi, ndani ya boksi. Piga picha waya kwanza, uweke alama ya chanya na hasi. Ukikata au kupiga msasa spika zikiwa ndani, vumbi huingia kwenye koni, na chembe za chuma hunaswa na sumaku hadi kwenye mwanya wa koili, ule waya uliosokotwa unaoisukuma koni, ambako kuzitoa ni shughuli. Maboksi mengi ya zama hizo ni ya chipbodi, yaani mbao ya chembe zilizogandishwa kwa gundi: ukipiga msumari karibu na ukingo inapasuka, na ikilowa inavimba. Tumia gundi ya mbao na jiliwa, usitumie misumari. Mninga unasifika kwa kutocheza sana hali ya hewa inapobadilika, lakini fito nyembamba bado ni salama kuliko pana. Pana ikinywea, kona za nyuzi 45 zinaachia.

Fremu ya kitambaa usiigandishe moja kwa moja. Ishike kwa sumaku ndogo au velkro ili itoke kirahisi, kisha weka mtangazaji anayesoma habari, si muziki, maana sauti ya mtu anayeongea sote tunaijua ilivyo. Sikiliza herufi s na sh fremu ikiwepo, kisha ikiwa imetolewa. Zikigeuka sana, rudi kwenye randa.