Ajira za upepo wa baharini: kijana wa Tanga aanzie wapi?

Shamba la kwanza la mitambo ya kufua umeme kwa upepo baharini lilijengwa Vindeby, nchini Denmark, mwaka 1991. Mitambo yake ilikuwa 11 tu, ikang'olewa 2017. Ujenzi ulikwisha mapema. Waliobaki na ajira kwa robo karne ni mafundi wa matengenezo.

Nalitaja hili kwa sababu vijana wengi tunaowafundisha huota kreni na meli kubwa. Ujenzi huajiri wengi, lakini ukiisha huondoka nao. Tazama Grimsby, Uingereza, bandari ya wavuvi iliyodorora tangu miaka ya 1970. Leo ni kituo cha mafundi wanaohudumia Hornsea 2, shamba la upepo lenye mitambo 165.

Kazi yenyewe ikoje? Nahodha husukuma omo ya boti hadi ikaze kwenye mnara, injini ikiendelea kuunguruma, na fundi huvuka kwa hatua moja kushika ngazi. Mawimbi yakizidi kama mita moja na nusu, boti nyingi hazitoki. (Wavuvi wa Sahare wanaoijua kusi ya Julai hawahitaji kuelezwa sababu.) Huko juu anakaza boliti, anakagua mafuta ya gia, anasaka hitilafu kwenye paneli za umeme. Hakuna hapo ufundi ambao kijana wa Tanga hawezi kuujifunza.

Anachokosa ni mafunzo ya usalama. Waajiri wengi wa sekta hii hudai mafunzo ya msingi ya Global Wind Organisation, chombo cha kimataifa cha kampuni za umeme wa upepo: huduma ya kwanza, kubeba mizigo bila kuumia, tahadhari ya moto, kazi za juu na kujiokoa baharini. Baada ya miaka miwili unayarudia. Na asikudanganye mtu kwamba kuogelea Raskazone kunatosha. Hapa unavaa suti nzito, unapanda chelezo cha kuokolea, unamvuta mwenzako aliyezimia.

Tanzania haina mtambo hata mmoja wa upepo baharini. Iliyopo iko nchi kavu, kama ya Mufindi. Kwa hiyo anza na fani inayokulisha leo: umeme wa viwandani, mekanika au uchomeleaji, VETA. Anayependa bahari aongeze kozi za usalama wa mabaharia katika Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Gati la mafuta la Chongoleani linadai nidhamu ileile, yaani kibali cha kazi kabla ya kugusa kitu na mkanda wa usalama kabla ya kupanda, kwa hiyo muda wako hautapotea.

Tahadhari moja kuhusu mawakala wanaouza vyeti. Mafunzo ya Global Wind Organisation huingizwa kwenye kanzidata iitwayo WINDA, na kila mhitimu ana namba yake. Mwajiri huangalia humo. Kama rekodi yako haimo, karatasi uliyolipia haina kazi.