Sakafu ya nyonga sio msamba jamani

Juzi tena nimemsikia dada mmoja anawaambia wenzake eti siku hizi kuna kifaa kinazuia sakafu ya nyonga isichanike ukijifungua, kwa hiyo hushonwi hata uzi mmoja. Haya, uzi na sakafu ya nyonga wapi na wapi?

Sakafu ya nyonga ni misuli iliyotandazwa kuziba nyonga kwa chini, mbele imeshika mfupa wa kinena, nyuma kifandugu, na juu yake ndo vimekaa kibofu, mji wa mimba na utumbo wa haja kubwa. Basi, ni hiyo tu.

Kinachochanganya watu nadhani ni hili neno sakafu. Limetoka kwenye Kiarabu, saqf, na huko maana yake sio chini unapokanyaga, ni dari, au paa! Ukifikiria nyumba ya ghorofa haishangazi, maana dari ya anayekaa chini ndo hiyohiyo sakafu ya anayekaa juu, na kamusi za zamani za Kiswahili zinalipa neno maana zote mbili. Sasa na hii misuli ni hivyohivyo: kwa kibofu ni sakafu, kwa msamba ni dari. Msamba (ndio, huohuo wa kupiga msamba) uko chini yake, ile nyama kati ya uke na haja kubwa, ndipo panapokatwa mtu akiongezewa njia. Msamba ukichanika mkunga anaona, anapima ni daraja la 1 mpaka la 4 (la 4 ndo baya zaidi), anashona.

Dari ikiachia nani anaona? Kichwa cha mtoto kikipita ule msuli unavutika hadi kama mara 3 ya urefu wake, na unaweza kubanduka kabisa kwenye mfupa wa kinena huku ngozi ya nje iko salama, mtu anaambiwa hongera hujachanika, miaka inapita kizazi kinaanza kushuka. Kuuona inabidi ultrasaundi ya 3D au MRI. Na mtoto akivutwa kwa koleo hatari inakuwa kubwa kuliko akivutwa kwa vakyumu, kile kikombe kinachonyonya kichwa.

Ndo maana ukisikia "kifaa kinazuia" uliza kinazuia nini. Kitambaa cha maji ya moto kikiwekwa msambani wakati wa kusukuma kinapunguza michaniko ya daraja la 3 na la 4, hiyo ni faida ya msamba. Lile puto la kujazwa hewa la kufanyia mazoezi kabla ya uchungu lilipojaribiwa halikuonekana kuukinga huo msuli wa juu. Vingine vya kutanua taratibu mapema wakati wa uchungu ndo vinaulenga wenyewe, na vimekuwa vikifanyiwa majaribio.

Kwa hiyo dada yangu hukukosea kote, vifaa vya hivyo watu wanavihangaikia kweli. Ila vinalenga dari, nyuzi zinashonwa chini yake.